Barua ya wazi kwa waandaaji wa mbio za magari Mtwara na Lindi: dakika tano za mafuta ziwe za lazima

Kwa kamati za michezo za mikoa ya Mtwara na Lindi, waandaaji na wasimamizi wote wa mbio za magari za ridhaa.
Nakala kwa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji na kwa Wakala wa Vipimo.

Ndugu viongozi, salaam.

Tunaoandika ni mafundi, madereva na wajaza mafuta wa Mtwara, Mikindani, Lindi na Masasi. Tunaomba jambo moja liandikwe kwenye kanuni za mbio zinazodumu saa sita na zinazodumu saa kumi na mbili kabla gari lolote halijapangwa kwenye mstari: kila gari linaloingia kujaza mafuta lisimame dakika tano kamili, na lisitoke na zaidi ya kilo 30 za petroli mpya. Mengine yote yaliyomo humu yanaeleza ombi hilo au yanalilinda.

Mbio za masafa marefu si rali. Kwenye rali gari hujaza mafuta baina ya hatua, tena mahali palipopangwa, na muda wa kujaza hauamui mshindi. Kwenye mbio za saa sita gari linazunguka njia ileile, na kila dakika linayosimama ni dakika ambayo wenzake wanakimbia. Basi timu yenye pesa itatafuta namna ya kumimina haraka zaidi ya jirani yake. Mpira mnene, dumu lililotobolewa kisigino ili lipumue, watu wawili wanaomwaga kwa pamoja huku wa tatu ana jeki chini ya gari na tairi mkononi. Hapo ndipo moto unapozaliwa, na ushindani wa haki unakufa papo hapo, kwa sababu ileile moja.

Hata wakubwa walishindwa kuizuia tamaa hiyo. Mwaka 1994 Formula One iliruhusu tena kujaza mafuta katikati ya mbio, na tarehe 31 Julai mwaka huohuo, kule Hockenheim, Ujerumani, gari la Benetton la Jos Verstappen liliwaka likiwa limesimama kwa huduma. Dereva na mafundi kadhaa waliungua. Wachunguzi walikuta kichujio cha mtambo wa kujazia kimeondolewa, na kichujio kikiondoka petroli hupita kwa kasi zaidi. Tangu 2010 mbio hizo hazijazi mafuta kabisa zikiendelea. Ikiwa wenye mitambo ya mamilioni na wakaguzi wa kulipwa waliishia kuacha, sisi wenye jeri (jerikeni) na faneli tusijidanganye kwamba onyo la mdomo litatosha. Dawa ni kuifanya haraka isiwe na faida. Marekani, mbio za ridhaa za ChampCar zinafuata njia hiyo: gari linalojaza mafuta linakaa angalau dakika tano. Fundi anayejua kwamba saa haitamruhusu kuondoka hana sababu ya kukimbia na petroli mkononi.

Sasa upande wa haki, kwa hesabu.

Gari dogo la sisi, tuseme Vitz au Starlet, likiendeshwa kwa nguvu zote linakunywa takriban lita 18 kwa saa. Tangi lake ni kama lita 45. Gari la turbo la lita mbili, kama Impreza, likikamuliwa vilevile linaweza kufika lita 50 kwa saa, maana injini ya turbo hulishwa petroli ya ziada ili isichemke ndani. Tangi lake ni lita 60. Kilo 30 za petroli ni karibu lita 40. Weka dakika tano za kusimama na dakika moja ya kuingia na kutoka: kila kujaza ni dakika sita.

Dogo litaingia mara mbili, dakika 12. Turbo itaingia mara sita, dakika 36. Ndani ya dakika 360 dogo litakuwa limekimbia 348 na turbo 324. Ili watoke sare, turbo lazima iwe na kasi zaidi kwa karibu asilimia 7 na nusu: dogo likimaliza mzunguko kwa dakika 3, turbo inatakiwa imalize kwa dakika 2 na sekunde 47 na ushee, saa sita nzima, bila kukosea. Inawezekana, lakini si bure. Na mwenye Vitz ana sababu ya kuja.

Tazameni pia mwenye turbo akiwa na subira. Akipunguza presha ya turbo kidogo, akaachia pedali ya mafuta mapema kabla ya kona badala ya kufunga breki dakika ya mwisho, akashuka kutoka lita 50 hadi 44 kwa saa, ataingia mara tano badala ya sita. Ameokoa dakika sita nzima. Anaweza kuwa mzito kwa sekunde tatu kila mzunguko na bado asipoteze kitu. Hakuna haja ya kugawa madaraja matano ya injini wala kubishana nani amebadilisha kamshafti. Kanuni za zamani za Le Mans, mbio za saa 24 za Ufaransa zilizoanza mwaka 1923, zilikuwa na wazo la jamii hiyo: gari halikuruhusiwa kujaza kabla ya kutimiza idadi fulani ya mizunguko. Mafuta ndiyo yalikuwa mwamuzi.

Kwa nini kilo na si lita? Petroli hutanuka. Kila nyuzijoto moja ikipanda, ujazo unaongezeka kwa karibu sehemu moja katika elfu. Jeri iliyolala kivulini na jeri iliyoanikwa juani Lindi saa nane mchana hazibebi petroli sawa hata zikijazwa hadi alama moja. Tofauti si kubwa, nusu lita hivi katika lita 60 kwa nyuzi kumi, na hatuombi mtu akaguliwe kwa kipimajoto. Lakini mizani huondoa mjadala wote huo, na mizani mikoa hii inayo. Mizani za jukwaa zinazopima magunia ya korosho kwenye maghala ya vyama vya msingi hukaguliwa na Wakala wa Vipimo, na miezi ya katikati ya mwaka, kabla ya minada, nyingi zimelala. Iazimwe moja. Jeri ipimwe ikiwa imefungwa kabla ya kumwagwa, ipimwe tena ikirudi, tofauti iandikwe mbele ya mwakilishi wa timu. Mizani ya umeme ikae mbali na mahali pa kumwagia, mita 15 au zaidi.

Chombo chenyewe. Tunaomba dumu la njano la mafuta ya kula lipigwe marufuku kabisa. Halina tundu la hewa, kwa hiyo linatapika: petroli inatoka kwa mafundo, inarukia bodi, inateremka hadi kwenye sailensa. Plastiki yake nyembamba inalegea ikikaa na petroli juani. Kifuniko chake hakibani mvuke. Na plastiki inahifadhi umeme wa msuguano ambao chuma kilichogusana na ardhi hakihifadhi. Itumike jeri ya chuma ya lita 20 yenye mdomo wa kubana, iliyopakwa rangi nyekundu na kuandikwa namba ya gari. Ikijaa ina uzito wa karibu kilo 19, chuma na petroli pamoja, mzigo ambao mtu mmoja anauweza bila kuyumba. Ijazwe ikiwa chini ardhini, kamwe isijazwe ikiwa nyuma ya pikapu yenye zulia la plastiki.

Kuna hatari nyingine ambayo mikoa mingine huenda haiijui. Huku kwetu petroli iliyochanganywa na oili imezagaa, kwa ajili ya mashine za kupulizia mikorosho na injini za boti. Ikiingia kwenye gari la kisasa inachafua plagi na kihisi cha oksijeni, gari linakohoa, dereva anadhani pampu imekufa. Jeri za mbio zisitoke kwenye banda wala forodhani. Ziwe mpya au zisafishwe na zikaguliwe.

Petroli yenyewe inunuliwe kwa pamoja, kituo kimoja, siku moja, na kila timu ichukue humo. Wazo la kila mtu kuja na yake linafungua mlango wa uchakachuaji. Mafuta ya taa yakichanganywa yanashusha oktani, yaani uwezo wa petroli kutojilipua kabla ya wakati; injini inagonga, na kwenye joto letu pistoni inatoboka kabla ya saa ya tatu. Nchi imekwishapigana na jambo hili kwa vinasaba (kemikali ya alama) kwenye mafuta, na mwaka 2011 kwa kupandisha kodi ya mafuta ya taa. Lakini uwanjani hakuna anayepima vinasaba. Chupa ya sampuli ya nusu lita, ya kioo, iliyofungwa kwa lakiri na kusainiwa na pande mbili, inatosha kumtia mtu adabu. Bei ya kikomo ya EWURA, mamlaka inayodhibiti bei za mafuta nchini, kwa Mtwara hutoka kila mwezi, hivyo gharama inaweza kutangazwa mapema na hakuna wa kusema amelanguliwa.

Mahali pa kujazia ndipo tunapoona makosa mengi zaidi. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa mara tatu hadi nne. Haupandi, unatambaa. Unaingia mitaroni, unajaza shimo, unasafiri na upepo hadi ukute jiko la mkaa la mama lishe au fundi anayechomelea bampa. Unawaka ukiwa asilimia moja na nusu tu ya hewa. Wanaokumbuka Msamvu, Morogoro, tarehe 10 Agosti 2019, ambapo zaidi ya watu 100 walipoteza maisha baada ya lori la mafuta kupinduka, hawahitaji maelezo zaidi.

Kwa hiyo upepo ndio upange ramani. Mbio zikifanyika Juni hadi Septemba, wakati ardhi imekauka na kusi inavuma, eneo la mafuta liwe ncha ya kaskazini ya sehemu ya huduma, ili mvuke uondoke na usirudi kwa watu. Mkiweka mbio wakati wa kaskazi, geuzeni. Pawe tambarare, changarawe iliyoshindiliwa, si nyasi kavu. Mita 20 kila upande pasiwe na jiko, jenereta, sigara wala mashine ya kuchomelea. Watazamaji wakae nyuma ya kamba ya pili. Simu tunajua vituo vinazikataza, nasi hatukaidi, ila msimamizi akiwa na macho mawili tu ayaelekeze kwenye sigara na jenereta.

Gari likifika, mambo yaende kwa mpangilio huu na si mwingine. Linasimama kwenye mstari, saa ya msimamizi inaanza. Injini inazimwa, swichi kuu inakatwa, dereva anatoka na kusogea nyuma ya kamba. Hakuna jeki, hakuna boneti inayofunguliwa, hakuna anayegusa tairi: diski za breki na manifodi (bomba la moshi la injini) bado zina moto wa mamia ya nyuzijoto. Waya wenye kibano unaunganisha jeri na chuma tupu cha bodi, ndipo kifuniko cha tangi kifunguliwe. Mtu mmoja anamwaga. Wa pili amesimama na mtungi wa kuzimia moto wa unga mkavu wa kilo 9, pini imeshachomolewa, mdomo wa mpira umeelekezwa kwenye mdomo wa tangi, na kazi yake ni hiyo tu. Wa tatu ana kitambaa cha pamba na faneli yenye wavu. Wavu huo ni wa lazima, maana vumbi letu jekundu likiingia tangini linaziba kichujio cha pampu, na yeyote atakayeutoa ili petroli ishuke haraka akumbushwe Hockenheim.

Jeri mbili zenye hewa nzuri zinamwagika kwa dakika mbili na nusu bila pupa. Kifuniko kikifungwa, jeri zinaondoka kwanza, halafu ndipo dereva mpya aingie, mikanda ikazwe, kioo kifutwe, maji yanywewe. Mnaona kwamba dakika tano hazipotei. Dereva aliyetoka kwenye gari lisilo na kiyoyozi, amevaa ovaroli nzito kwenye joto la pwani, anazihitaji kuliko gari.

Mtungi wa kilo 9 unakwisha kwa sekunde zipatazo 20. Hiyo ndiyo sababu tunaomba miwili kwa kila nafasi ya kujazia, pamoja na mtungi wa povu wa lita 9, kwa kuwa unga unaangusha mwali lakini haupozi chuma, na petroli inaweza kuwaka tena. Pipa la mchanga mkavu na koleo liwepo kwa ajili ya kilichomwagika. Maji yasimwagwe juu ya petroli; yanaibeba tu na kuitandaza. Ndoo ya maji safi iwepo kwa ajili ya macho na ngozi.

Petroli ikimwagika zaidi ya kiganja, gari lisiwashwe pale. Lisukumwe kwa mikono mita kumi, pafunikwe mchanga, gari lifutwe, kisha liwashwe. Timu iongezewe dakika tano. Watu watalalamika, na acheni walalamike.

Mavazi: ovaroli ya pamba ya mikono mirefu, soksi, viatu vya ngozi, glavu, miwani, kofia ya kufunika uso na shingo. Jezi ya mpira wa miguu ni poliesta, inayeyuka na kushika ngozi. Kandambili na yeboyebo zisivuke kamba.

Idadi ya nafasi ipigiwe hesabu mapema. Magari 15, kila moja likiingia kwa wastani mara nne kwa dakika sita, ni dakika 360, yaani nafasi moja tu ingekuwa na gari tangu mwanzo hadi mwisho. Na magari hayaji kwa zamu. Yanakuja kwa makundi. Nafasi tatu ndiyo idadi ya chini. Gari likisubiri nafasi, muda wa kusubiri ni hasara yake, lakini msimamizi auandike, kwa maana foleni ikizidi dakika mbili kosa ni la mwandaaji.

Bendera ya njano hatujakubaliana sisi kwa sisi, na tunawaambia hivyo waziwazi. Gari likipinduka na mbio zikapunguzwa mwendo, aliyeingia kujaza wakati huo anapoteza mizunguko michache kuliko aliyejaza mbio zikiwa kamili. Ni bahati nasibu. Wengi wetu tunataka kujaza kufungwe mara njano inapoinuliwa, isipokuwa kwa gari lililokwisha kuvuka mstari wa kuingia. Wachache wanasema gari lenye tangi tupu litazima njiani na kuleta ajali nyingine. Suluhu tunayoipendekeza ni kuliruhusu lichukue kilo 4 tu, kama lita 5, likae dakika tano zilezile, kisha lirudi kujaza kihalali njano ikishuka. Ni adhabu kali, na inamfundisha mtu kutofika robo ya tangi akiwa hana mpango.

Robo hiyo ina ubaya mwingine. Tangi la kawaida likipungua, petroli inakimbilia upande mmoja kwenye kona ndefu, pampu inavuta hewa, injini inakosa mafuta ikiwa kwenye mzigo mkubwa. Aidha, pampu iliyo ndani ya tangi inapozwa na petroli yenyewe. Lita 5 za chini zihesabiwe kama hazipo.

Kuhusu matangi, ruhusuni la kiwandani likiwa mahali pake. La Corolla liko chini ya kiti cha nyuma, mbele ya ekseli, na ni mahali salama kuliko buti. Tangi la mbio la mfuko wa mpira liruhusiwe ikiwa tu lina cheti cha FT3, kiwango cha shirikisho la kimataifa la mbio za magari (FIA), ambacho hakijaisha. Muda wake ni miaka mitano tangu kutengenezwa, na miwili ya nyongeza baada ya ukaguzi wa mtengenezaji. Ya mitumba mengi yameshapita hapo, na sponji ya ndani inamomonyoka na kuziba kila kitu. Ujazo upimwe kwa kulikausha tangi kwa pampu yake na kulijaza kwa mizani. Kama Vitz inameza lita 58, kuna tangi la pili mahali fulani, au mpira mrefu mnene kuliko haja. Mtafuteni.

Adhabu ziwe za muda, si kufukuzwa, isipokuwa kwa moto wa makusudi na tangi la siri. Aliyetoka dakika 4 na sekunde 50 arudi akae dakika tano nyingine. Msimamizi akitumia saa moja ya ukutani, kubwa, inayoonekana na wote, nusu ya ugomvi utakwisha kabla haujaanza.

Kabla ya tarehe kutangazwa, tunaomba mhakikishe gari la zimamoto limesimama uwanjani, si kwamba limearifiwa. Magari ya wagonjwa yawe mawili, ili mbio zisisimame la kwanza likiondoka. Hospitali ya Ligula kwa Mtwara, au ya Sokoine kwa Lindi, ijulishwe siku na saa, na iulizwe mapema kuhusu vifaa vya majeraha ya moto.

Jeri za chuma, vibano vya waya na mitungi ya povu huenda vikalazimu kuagizwa Dar es Salaam. Kwa hiyo tunahitaji kanuni iliyosainiwa angalau miezi miwili kabla ya mbio. Mkiamua dakika ziwe nne au kilo ziwe 25, andikeni hivyo. Hesabu tunaweza kuzirudia. Tusichoweza ni kufanya kazi na kanuni inayosema “timu zichukue tahadhari”.

Wenu,
Mafundi, madereva na wajaza mafuta wa mbio za ridhaa, Mtwara na Lindi